Kodi za sensa za injini kwenye mitambo mizito: kusoma dalili kabla ya kununua sensa

Ekskaveta au greda inapoteza nguvu katikati ya kazi, namba ya hitilafu, yaani kodi, inatokea kwenye skrini, na kitu cha kwanza kinachofanyika ni kuagiza sensa, kile kifaa kidogo kinachopima joto, presha au mwendo. Sensa inafika, inafungwa, kodi inafutwa, na mtambo ukishapiga kazi kidogo namba ileile inarudi. Hapo wengine huagiza sensa ya pili, na wengine huanza kuishuku kompyuta ya injini, kifaa ghali kuliko vyote na ambacho ni nadra kuwa ndicho kibovu.

Kompyuta haijui kwamba sensa imekufa. Inachojua ni kwamba kipimo kilichofika kwenye pini yake hakikubaliki. Kati ya pini hiyo na sensa kuna waya mrefu, plagi mbili au tatu, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri), volti 5 zinazogawanywa kwa sensa kadhaa, na mwisho kuna injini yenyewe, ambayo huenda kweli imepata joto au imeishiwa presha. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili zinazoripotiwa mara kwa mara. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea zaidi kinatangulia, na ukaguzi usiogharimu kitu unatangulia ule wa kufungua injini.

Kabla ya kushika spana

Egesha mtambo mahali tambarare, shusha ndoo au bleidi hadi iguse ardhi, funga leva ya usalama, kaza breki ya maegesho. Ning'iniza kibao cha onyo kwenye leva ili mtu asistati wewe ukiwa chini ya mtambo. Ukizima ufunguo, usikate swichi kuu ya betri papo hapo. Kompyuta inahitaji muda wa kuhifadhi kumbukumbu zake, na injini zenye mfumo wa urea wa kusafisha moshi huendelea kuirudisha urea kwenye tangi kwa dakika kadhaa. Mitambo mingi ina taa ya kukuonyesha kwamba kazi hiyo haijaisha, subiri izime.

Kisha andika kodi zote kwenye karatasi au zipige picha: zilizo hai sasa, zilizohifadhiwa, kila moja imetokea mara ngapi, na kwa saa ngapi za injini. Anayefuta kodi kabla ya kuziandika anafuta ushahidi wote. Kodi iliyojitokeza kwanza mara nyingi ndiyo mzazi wa zile zilizofuata, na saa za injini ndizo zinazoonyesha ipi ilitangulia.

Namba mbili, na ya pili ndiyo yenye maelezo

Injini nyingi za kisasa za dizeli kwenye mitambo mizito hufuata kiwango cha J1939, yaani lugha ya pamoja ya kompyuta za mitambo, na kodi huwa na sehemu mbili. SPN hutaja kipimo: 100 ni presha ya oili, 110 joto la maji ya rejeta, 102 presha ya hewa kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), 105 joto la hewa hiyo, 157 presha ya mafuta kwenye reli (bomba la presha kubwa linalolisha nozeli), 190 mwendo wa injini, 168 volti za betri, 97 maji ndani ya dizeli, 111 kiwango cha maji ya rejeta. FMI hueleza kipimo hicho kimeharibika vipi. Wengi husoma SPN, wakaona "presha ya oili", wakakimbilia sensa ya oili. FMI ndiyo ingewaambia kama waanze na oili au na waya.

FMI 0 na 1 maana yake kipimo kimepanda au kimeshuka hadi kiwango cha hatari. 15 na 16 ni kupanda kwa kiwango kidogo na cha kati, 17 na 18 ni kushuka kwa namna hiyohiyo. Kwenye kundi hili sensa inasoma vizuri kiumeme, kwa hiyo chukulia kwamba inasema kweli mpaka kipimo kingine kiikanushe.

FMI 3 ni volti zimepanda kupita kiasi, 4 volti zimeshuka kupita kiasi, 5 mkondo ni mdogo au waya umekatika, 6 mkondo ni mkubwa au kuna shoti kwenye ethi. Hapa kompyuta inalalamikia umeme. Injini yenyewe huenda haina tatizo lolote.

FMI 2 ni kipimo kinachoyumba au kisichopatana na vingine. 9 na 19 ni matatizo ya mawasiliano kati ya kompyuta. 13 ni kalibresheni.

Watengenezaji wana maandishi yao juu ya msingi huu. Kwenye mitambo ya Caterpillar, 100-3 ni hitilafu ya umeme kwenye sensa ya presha ya oili, ilhali E360 ni tukio: presha yenyewe imeshuka. E361 ni joto la injini limepanda. Anayechanganya 100-3 na E360 anaweza kufungua injini nzima kwa sababu ya waya, au, baya zaidi, akabadilisha waya huku bearingi zinasagika. Kwenye Komatsu kodi za injini huanza na CA. CA144 na CA145, kwa mfano, zote ni za sensa ya joto la maji, moja volti juu na nyingine volti chini.

Ukaguzi wa asubuhi, injini ikiwa baridi

Huu ningeufanya kabla ya mwingine wowote, kwa sababu hauhitaji kifaa zaidi ya skrini ya mtambo au skana ya kusomea kodi. Mtambo ukiwa umelala usiku kucha, washa ufunguo bila kustati, kisha soma vipimo. Joto la maji, la hewa ya manifoldi na la dizeli yote yakaribiane, na yakaribiane na joto la hewa ya nje. Kama matatu yanasoma 22 na moja linasoma 61, umeshampata mwongo. Presha ya oili isome sifuri. Presha ya reli iwe sifuri au karibu nayo. Presha ya manifoldi ilingane na ya hewa ya nje, au isome sifuri kama skana yako inaonyesha presha ya ziada tu. Sensa inayoonyesha presha ya oili kwenye injini isiyozunguka imejitaja yenyewe.

Dalili: kodi nyingi za sensa tofauti zimetokea kwa pamoja

Sensa nne hazifi dakika moja. Ukiona oili, manifoldi, reli na maji vyote vimelalamika saa ileile ya injini, tafuta kitu wanachokula pamoja.

Chanzo cha kwanza ni betri na ethi. Kwenye mfumo wa volti 24, betri zilizojaa zikiwa zimepumzika husoma volti 25.2 au zaidi kidogo. Injini ikizunguka na alteneta ikichaji, tarajia kati ya 27 na 28.5. Pima pia wakati wa kustati. Zikishuka chini ya 18, shughulikia betri na vichwa vyake kwanza, maana kompyuta huzaa kodi za ajabu inapokosa umeme wa kutosha. Waya wa ethi kutoka injini hadi chasisi hupata kutu chini ya boliti hata pale unapoonekana safi kwa nje. Ufungue, usugue hadi chuma king'ae, uukaze upya. Kuutazama tu hakutoshi.

Chanzo cha pili ni volti 5 za sensa kuangushwa na sensa moja iliyopiga shoti. Kodi SPN 3509, 3510 au 3511 zikionekana kati ya zile nyingine, karibu una jibu, kwa sababu hizo ndizo njia za volti 5 zenyewe. Chomoa plagi ya sensa yoyote ya presha yenye nyaya tatu, washa ufunguo, pima kati ya pini ya umeme na pini ya ethi ya sensa. Inatakiwa 4.75 hadi 5.25. Kama unapata volti 1 au 2, acha mita hapohapo na umwombe msaidizi achomoe sensa nyingine za njia hiyo, moja baada ya nyingine. Volti zikiruka hadi 5 mara plagi fulani inapotoka, sensa hiyo ndiyo iliyokuwa inawaangusha wenzake. Ukichomoa zote na volti hazijarudi, shoti iko kwenye nyaya.

Chanzo cha tatu ni plagi kubwa ya kompyuta yenyewe: maji yameingia, pini imepinda, au boliti yake ya katikati haijakazwa. Cha nne, na cha mbali sana, ni kompyuta.

Kama kati ya kodi hizo kuna SPN 639 au nyingi zina FMI 9 au 19, tatizo liko kwenye nyaya mbili za mawasiliano. Zima kila kitu, kata swichi kuu, kisha pima ukinzani kati ya waya wa njano na wa kijani kwenye soketi ya dayagnosi. Kwenye soketi ya duara ya pini tisa ni C na D. Jibu zuri ni omu 60, kwa sababu kuna vizuizi viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho wa waya. Ukipata 120, kimoja kimepotea au waya umekatika kabla ya kukifikia. Ukipata karibu na sifuri, nyaya hizo zimegusana. Ukipata 40, kuna mtu ameongeza kizuizi cha tatu, jambo linalotokea pale kifaa cha kufuatilia mtambo kinapofungwa bila kufuata mchoro.

Dalili: kodi inakuja na kuondoka

Hii ndiyo inayowachosha mafundi, na ndiyo inayouza sensa nyingi bure. Kodi haipo mtambo ukiwa karakana, inatokea ukichimba mwamba, au baada ya mvua, au injini ikishapata moto. Hapo usiulize sensa gani mbovu. Muulize opereta ni wakati gani, ndoo ikiwa wapi, mtambo ukigeukia upande gani. Opereta makini anakupunguzia nusu ya kazi.

Kwa uzoefu, chanzo kikubwa ni nyaya kusuguana. Mtetemo wa injini ya dizeli hula plastiki polepole pale fungu la nyaya linapopita juu ya ukingo wa chuma, chini ya klampu iliyolegea, nyuma ya alteneta, karibu na turbo, na kwenye mitambo inayokunja kiuno kama shepeli za magurudumu, pale kiungoni. Kwa nje utaona bomba jeusi la kufunikia nyaya likiwa limeng'aa sehemu moja. Lifungue hapo. Mara nyingi utakuta waya mmoja umeonyesha shaba, na hugusa chuma pale tu injini inapotikisika.

Chanzo kinachofuata ni pini iliyolegea. Plagi ikichomolewa, pini za kike hutanuka kidogo kila mtu anapozichokoa kwa ncha ya mita iliyo nene. Chukua pini moja ya kiume ya aina ileile, iingize kwenye kila tundu, kisha ivute taratibu. Inatakiwa ikamate. Ikiteleza yenyewe bila kukawia, tundu hilo ndilo linalopoteza mguso mtambo ukitikisika. Ni ukaguzi wa dakika moja na unafichua kasoro ambayo mita haioni, kwa sababu mtambo ukiwa umetulia pini hiyo inagusa vizuri kabisa.

Halafu kuna maji. Kuosha injini kwa mashine ya presha ukielekeza pua kwenye plagi ni kuingiza maji mahali ambapo hayatatoka. Plagi yenye rangi ya kijani kwenye pini inahitaji kisafishia umeme na mpira mpya wa kuzuia maji. Kama pini imelika, badilisha pini, usiikwangue.

Injini ikiwa inazunguka taratibu, fuatilia kipimo kwenye skana huku ukitikisa fungu la nyaya kidogokidogo kutoka kwenye sensa kuelekea kompyuta. Kipimo kitaruka ukifika mahali penye tatizo. Weka mikono mbali na feni na mikanda, na kama sehemu hiyo haifikiki kwa usalama injini ikizunguka, fanya ufunguo ukiwa umewashwa tu.

Mambo mawili ya kukataa katika kazi hii. Usitoboe ngozi ya waya kwa sindano ili upime. Unyevu utaingia kwenye kitundu hicho na baada ya miezi waya utakuwa unga wa kijani ndani. Na usitumie taa ya balbu ya kupimia kwenye nyaya za sensa, kwa sababu balbu huvuta mkondo mkubwa na inaweza kuunguza njia ya ndani ya kompyuta. Tumia mita ya dijitali.

Dalili: onyo la presha ya oili

SPN 100 ikiwa na FMI 1, au E360 ikiwa kwenye ngazi ya juu, zima injini sasa hivi. Usimalizie trip, usiusogeze mtambo pembeni kama mahali ulipo pana usalama. Injini bila oili huharibika kwa muda mfupi kuliko inavyochukua kupiga simu.

Ikishapoa kidogo, pima kiwango kwa kijiti. Kiwango kikiwa chini, tafuta ilikokwenda kabla ya kuongeza. Kikiwa juu kuliko kawaida, nusa: harufu ya dizeli maana yake mafuta yanavuja ndani na kuilainisha oili, na oili laini haiwezi kushika presha. Rangi ya maziwa ni maji. Katika hali hizi mbili usistati tena. Zinahitaji fundi wa injini, kodi imeshafanya kazi yake.

Kiwango na rangi vikiwa sawa, fikiria filta iliyoziba au ya bei rahisi isiyo ya injini hiyo, na oili ya unene usiofaa. Baada ya hapo ndipo sensa inashukiwa, na njia ya kuishitaki ni moja: toa sensa, funga geji ya presha ya kawaida mahali pake, stati kwa muda mfupi, linganisha na kiwango cha kitabu cha injini hiyo kwa mwendo huo na joto hilo. Geji ikisoma vizuri, sensa au waya wake ni mbovu. Geji ikisoma chini, zima na umwite mtaalamu. Pampu, vali ya presha na bearingi si kazi ya kufanyia porini.

Kama FMI ni 3 au 4, chomoa plagi kwanza na utazame ndani. Sensa nyingi za oili huanza kuvuja kupitia katikati yake, na oili hujaa kwenye plagi. Sensa hiyo inabadilishwa bila mjadala, lakini safisha pia plagi na uangalie kama oili haijapanda ndani ya nyaya.

Dalili: onyo la joto

FMI 0, 15 au 16 kwenye SPN 110 ni joto la kweli mpaka lithibitishwe vingine. Elekeza kipimajoto cha miale kwenye kasha la thamostati. Kikikaribiana na kile cha kwenye skrini, achana na sensa. Kwenye mitambo ya ujenzi kinachoongoza ni vumbi na majani kati ya rejeta na vipozeo vilivyopangwa mbele yake. Kwa mbele huonekana safi, uchafu umelala katikati, na lazima vitenganishwe ndipo upulizwe. Kisha kiwango cha maji, mkanda, feni isiyofikia kasi yake, thamostati, na mwisho gasketi ya silinda hedi. Kamwe usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yale yanaruka na kubabua uso.

Kuna hali moja inayodanganya: maji yakipungua hadi ncha ya sensa ikabaki hewani, kipimo hupanda na kushuka ovyo au hubaki chini huku injini inaungua. Ndiyo maana kiwango cha maji kinaangaliwa kabla ya mita kutolewa kwenye mkoba.

FMI 3 au 4 ni waya, na sensa za joto zina jaribio zuri sana kwa sababu nyingi zina nyaya mbili tu. Ndani kuna kizuizi ambacho ukinzani wake hushuka joto likipanda. Waya ukikatika, kompyuta huona volti za juu (FMI 3). Nyaya zikigusana, huona volti za chini (FMI 4). Basi tumia hilo:

Kodi ikiwa FMI 4, chomoa plagi ya sensa, washa ufunguo, subiri sekunde chache. Ikigeuka kuwa FMI 3, nyaya na kompyuta ni nzima, sensa imepiga shoti ndani. Ikibaki 4, shoti iko kwenye waya.

Kodi ikiwa FMI 3, chomoa plagi na uunganishe pini zake mbili kwa kipande cha waya upande wa nyaya za mtambo. Ikigeuka kuwa 4, nyaya ni nzima na sensa imekatika ndani. Ikibaki 3, waya umekatika mahali fulani au pini haigusi. Fanya hivi kwa sensa ya nyaya mbili pekee. Kwenye sensa ya nyaya tatu, kuunganisha pini kwa kubahatisha kunaweza kupeleka volti 5 moja kwa moja kwenye ethi.

Kwa sensa ya presha ya nyaya tatu, plagi ikiwa imechomekwa, pima waya wa ishara kwa kupenyeza ncha nyembamba nyuma ya plagi kando ya mpira. Bila presha tarajia karibu volti 0.5, na presha ikipanda volti zielekee 4.5. Sensa ya manifoldi huwa juu kidogo ya hapo hata injini ikiwa imezimwa, kwa kuwa inapima pia hewa ya nje.

Dalili: stata inazungusha, injini haiwaki

Tazama mwendo wa injini kwenye skana wakati wa kustati. Ukisoma sifuri huku injini inazunguka, kompyuta haioni mzunguko: angalia SPN 190, 636 na 723, yaani sensa za krenki na kamu. Toa sensa, futa vumbi la chuma lililoganda kwenye sumaku yake, kagua kama ncha imekwaruzwa, kagua waya, rudisha kwa umbali ule unaotakiwa na kitabu. Injini nyingi huwaka kwa sensa moja iliyobaki, ila kwa kuchelewa. Ncha iliyokwaruzwa maana yake gurudumu la meno linayumba au sensa iliingizwa mno, na kuweka mpya bila kujua sababu ni kuivunja nayo.

Mwendo ukionekana lakini SPN 157 inalalamika kuwa presha ya reli iko chini, anza na filta za dizeli, kisha hewa inayoingia kwenye bomba la kuvutia mafuta, kisha maji kwenye kitenganishi. Sensa ya reli iko mwisho kabisa wa foleni hiyo.

Hapa simama. Mafuta kwenye reli yanafika zaidi ya baa 1,000, na kwenye injini nyingi hupita 1,600. Mchirizi wake mwembamba hupenya glovu na ngozi, na jeraha dogo lisilouma sana ni dharura ya upasuaji hospitalini. Usilegeze nati ya bomba la nozeli injini ikizunguka kama ilivyofanyika kwenye injini za zamani, na usitafute uvujaji kwa mkono. Kuanzia kwenye pampu ya presha kubwa kwenda mbele, ita mtaalamu.

Dalili: nguvu zimepungua, moshi mweusi

SPN 102 yenye 17 au 18 kwa kawaida ni bomba la hewa lililochanika au klampu iliyolegea baada ya turbo. Sikiliza mlio wa upepo mtambo ukiwa kwenye mzigo, tafuta alama nyeusi za mafuta kwenye viungo. Kisha filta ya hewa, kisha kipozeo cha hewa. Ukitoa sensa ya manifoldi na kukuta tundu lake limezibwa na masizi, safisha tundu kwanza. Turbo inafikiwa mwisho.

Dalili: kodi za mfumo wa moshi na urea

Kwa ufupi. SPN 3364 inahusu ubora wa urea: pima kwa refraktomita (kifaa cha kupimia ukolezo), inatakiwa asilimia 32.5. Ikiwa imechanganywa na maji, hakuna sensa itakayoitibu. SPN 3251 ni tofauti ya presha kwenye chujio la masizi, na mara nyingi vibomba vidogo vya sensa hiyo vimeziba au vimeyeyuka. SPN 3216 na 3226 ni sensa za NOx (oksidi za nitrojeni kwenye moshi), nazo kweli hufa, lakini kagua kwanza uvujaji wa moshi kabla ya sensa. Unapoanzisha uunguzaji wa masizi mtambo ukiwa umesimama, ondoa nyasi kavu na watu karibu na bomba. Moshi huo unaweza kuzidi nyuzi 600. Usidanganye mfumo huu kwa vifaa vya kuuzima. Ni kosa kisheria katika nchi nyingi, na injini hurudisha kisasi kwa joto na masizi.

Baada ya matengenezo

Funga fungu la nyaya kwa klampu zake za asili, si kamba. Kama kuna kuchomelea popote kwenye mtambo, kata swichi kuu, toa nyaya za betri, chomoa plagi za kompyuta kama kitabu kinavyoelekeza, na ethi ya mashine ya kuchomelea iwekwe karibu kabisa na sehemu inayochomelewa. Nimeona kodi zisizoeleweka zikianza siku moja baada ya ndoo kuchomelewa bila hayo.

Futa kodi, pasha injini hadi joto la kazi, ifanyishe kazi kwa mzigo wa kweli, kisha soma tena orodha ya zilizohifadhiwa. Asubuhi yake rudia ukaguzi wa injini baridi. Kodi ikirudi na FMI ileile, rudi kwenye nyaya na uzipime ukinzani kutoka plagi ya sensa hadi plagi ya kompyuta, waya kwa waya, betri ikiwa imekatwa. Ikirudi na FMI tofauti, kuna kitu ulichogusa, na mahali pa kuanzia ni ulipofanyia kazi jana.

Kompyuta ibadilishwe pale tu kila waya umepimwa na umeonekana mzima, na ifanywe na mwenye programu ya mtengenezaji. Mpya lazima iandikiwe faili la injini hiyo na namba za marekebisho zilizochapwa kwenye kila nozeli. Ikifungwa bila namba hizo, kila silinda itapewa mafuta kwa kipimo kisicho chake, na moshi na mtetemo vitaanza siku hiyohiyo.